Pasipoti ya Kwenda Hatta

Kila Ijumaa yangu ya mapumziko madam aliniuliza swali lilelile, akiwa bado na nguo za kulalia na kikombe cha kahawa mkononi: "Leo unakwenda kwa nani?"

Hakuuliza nakwenda wapi. Aliuliza kwa nani. Kichwani mwake mfanyakazi wa ndani akitoka nje ya geti lazima kuna mwanamume anamsubiri mahali. Nikimjibu, "Nakwenda kutembea, madam," alitabasamu kama mtu aliyembamba mtoto anadanganya. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nimeshazaa, nimeshazika mume, nimejenga vyumba viwili Lushoto kwa mikono yangu. Bado nilisimamishwa mlangoni niulizwe swali la mtoto wa shule.

Na kweli nilikuwa nakwenda kutembea.

Nyumba yao ilikuwa Mirdif, mtaa wa Dubai, na Ijumaa zangu zilikuwa mbili kwa mwezi. Miezi ya mwanzo nilizitumia Al Baraha, kwa rafiki yangu Mkenya aliyekuwa anasuka nywele kwenye saluni moja ya ghorofani. Yeye anasuka, mimi nimekaa sakafuni nakunywa chai na kusikiliza watu wakiwasema mabosi wao. Jioni narudi. Siku moja tulikuwa kituo cha mabasi cha Sabkha nikaona basi limeandikwa Hatta. Nikamuuliza dereva, Mpakistani mwenye ndevu nyekundu za hina, Hatta kuna nini. Akajibu neno moja: "Jabal." Milima.

Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu huwezi kufuata chumvi dukani bila kupanda au kushuka. Dubai nilikuwa nimekaa miezi minane kwenye ardhi tambarare kama meza, mahali ambapo hata maji yakimwagika hayajui pa kwenda. Nikamwambia Mkenya, Ijumaa ijayo tunapanda lile basi.

"Kufanya nini huko?"

"Kutembea tu."

"Wee! Kutembea ni kazi, dada. Mimi nasimama masaa kumi na mbili kila siku, sasa off yangu nikatembee?" Lakini alikuja. Alikuja na ndala, moja ikakatika kabla ya saa tano, akarudi kituoni amefunga mguu kwa kitambaa cha kichwani. Mara ya pili alikuja na raba za mteja alizoazima bila kumwambia mwenyewe.

Safari ilikuwa kama saa mbili. Jangwa kwanza, mchanga unaogeuka mwekundu, halafu ghafla mawe meusi yanaanza kuinuka pande zote. Hatta yenyewe ni mji mdogo, una minara miwili ya walinzi wa zamani juu ya vilima, mashamba ya mitende na mifereji ya maji inayopita katikati ya mashamba hayo. Ukifuata mfereji mmoja kwa kukanyaga ukingo wake wa mawe unatembea nusu saa nzima kivulini, maji yanakwenda pembeni ya mguu wako, na hakuna mtu anayekuita. Siku ya kwanza niliposikia yale maji nilikaa chini nikalia. Mkenya akanitazama, akafungua mfuko wa mandazi, akanipa moja, asiulize.

Mwaka mzima tulifanya hivyo kila nilipopata Ijumaa, ukiacha miezi ya joto kali. Nilizijua njia tatu. Ya kwanza ni ile ya mfereji na minara. Ya pili inakwenda bwawani, ambako maji ni ya kijani yamekaa kati ya majabali. Ya tatu niliipata mwenyewe: unashuka vituo viwili kabla ya mwisho wa basi, unapita nyuma ya pampu ya maji, unaingia bonde kavu wanaloliita wadi, unatembea kwenye changarawe mpaka unakuta vidimbwi vyenye samaki wadogo kama njiti za kiberiti.

Wanawake wa Al Baraha walipoona picha wakataka na wao. Hawakuwa na siku moja ya mapumziko na mimi, kwa hiyo nikachukua karatasi za daftari nikawaandikia. Panda basi Sabkha, lile la saa mbili asubuhi, la baadaye linajaa. Shuka hapa. Maji ya kunywa yako bomba la msikiti mdogo, ombeni kwanza. Shamba lenye geti la kijani lina mbwa. Ukifika jiwe kubwa lililopasuka katikati, pumzika, maana mbele hakuna kivuli. Basi la mwisho usilisubiri, panda la kabla yake. Mkenya akazipeleka fotokopi. Baada ya muda nikaja kukutana na mwanamke wa Bukoba kwenye basi, hanijui simjui, ameshika karatasi yenye mwandiko wangu. Sitasahau furaha ile.

Sasa nirudi kwa madam.

Alikuwa Mwingereza wa mashambani. Karatasi moja aliikuta jikoni, chini ya sumaku ya friji, akauliza ni nini. Nilipomweleza alipiga makofi. Akaniambia kwao, alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa na kijitabu cha matembezi ya kijijini ambayo mtu anaweza kuyafikia kwa basi: shukia kanisani, pita uzio wa kondoo, vuka mto, rudi kwa basi la saa kumi. Walikuwa hawana gari. Kila Jumapili mama anachagua ukurasa. Alisimulia vizuri, macho yakamlegea, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba tungeweza kuelewana, mimi na yeye. Naandika hivi ili mtu asifikiri alikuwa jini. Hakuwahi kunipiga wala kuninyima chakula. Binti yao wa miaka minne alikuwa analala begani kwangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba alikuwa anajua kuwa mtu, na aliamua ni lini.

Pasipoti yangu aliichukua siku niliyofika, kabla sijavua viatu. "Tunaiweka kwenye sefu, ni kwa usalama wako." Wengi wetu tulikuwa hivyo. Sheria ya nchi yenyewe ilikuwa inakataza, Mkenya aliniambia, bosi wake alikuwa anaogopa hilo, kwa hiyo Mkenya mwenyewe alitembea na pasipoti kwenye mkoba siku zote. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia siendi popote, niitakie nini.

Barabara ya Hatta ya siku zile ilikuwa inakata kipande kidogo cha nchi ya Oman, kisha inarudi Emirati. Hakuna aliyekuwa anatuuliza kitu. Unasinzia, unapita nchi nyingine, unaamka umerudi. Halafu Ijumaa moja, tunarudi alasiri, basi likasimamishwa. Askari wawili wakapanda. Kijana mmoja mpole, hata sauti hakupandisha, akapita kiti kwa kiti: pasipoti, pasipoti. Nikampa kitambulisho changu cha ukaazi. Akatikisa kichwa.

"Pasipoti."

"Iko kwa kafeel wangu, bosi aliyenidhamini."

Akanionyesha mlango. Tulishushwa watatu, mimi na vibarua wawili Wabengali, wote kwa jibu hilohilo. Basi zima linatutazama. Mkenya alikuwa ameshakaguliwa, pasipoti yake imetupiwa jicho na kurudishwa. Nikaona anavuta mkoba wake kutoka juu.

"Wewe kaa," nikamwambia. "Una kazi kesho asubuhi."

"Nikuache kwa hii barabara? Uko sawa kweli?" Akashuka. Basi likaondoka.

Tulitembea kurudi upande wa Hatta pembeni ya barabara, jua linatupiga mgongoni, magari makubwa meupe yanapita na familia ndani na baiskeli juu. Nimetembea sana maishani mwangu. Nimetembea na kuni, na mtoto mgongoni, na jeneza mbele yangu. Sijawahi kutembea kama siku ile. Kila hatua nilikuwa naiona ile sefu ya kijivu chumbani kwao, nyuma ya magauni ya madam, ambayo mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi kila Jumanne. Nilikuwa nafuta vumbi la mlango uliofunga jina langu, na baada ya kufuta nasema asante madam.

Mwisho tukapata pikapu ya majani ya mbuzi iliyokuwa inazunguka kwa barabara nyingine. Wabengali wakakaa juu ya majani, sisi mbele na dereva. Nilitakiwa kuwa nyumbani saa kumi na moja. Nilifika saa moja na nusu, nina majani kwenye nywele.

Madam alikuwa mlangoni. "Nilikuwa na wageni," akasema. "Unajua ulivyoniaibisha?"

Nikamweleza. Askari, pasipoti, barabara, pikapu. Nilieleza nikijua kabisa kwamba nikifika mwisho ataelewa, maana ni jambo la wazi, hata binti yake angelielewa. Akasubiri nimalize.

"Ndiyo maana sipendi uende huko," akasema.

"Madam, nikiwa na pasipoti yangu wasingenishusha. Naomba niwe nayo. Hata Ijumaa tu, jioni nairudisha."

"Ukiipoteza je? Hapa iko salama."

"Ni yangu, madam."

"Ni kwa faida yako. Na Ijumaa zako tuzisimamishe kwanza, mpaka nikuamini tena. Khalas."

Neno hilo la Kiarabu alilitumia akitaka mambo yaishe. Niliomba tena baada ya wiki mbili. Nikaomba tena baada ya mwezi. Nilimwomba hata bwana, tuliyekuwa tunamwita sir, nikimpa shati lake. Akasema nizungumze na madam.

Katika miezi ile niliyofungiwa, madam alianza tabia mpya. Mchana mtoto akilala anakuja jikoni na kompyuta yake, anakaa mezani, anasema, "Hebu niambie ile njia ya wadi." Mimi nakata vitunguu, namwambia. Baada ya pampu unakwenda wapi? Kivuli kiko wapi? Samaki wako mwezi gani? Anaandika. Ananipa na mimi kahawa. Nilidhani anajuta. Nilidhani ndivyo watu wa kwao wanavyoomba radhi, kwa kuzungukazunguka. Nikamwambia vyote, mpaka jiwe lililopasuka, mpaka mahali pa kujificha ukienda haja, mpaka jina la mnyama tunayemwona kwenye mitende asubuhi. Nilikuwa mjinga, na hasira yangu nyingine ni hiyo, ya kujikasirikia mwenyewe.

Mara mbili walikwenda Hatta wenyewe kwa gari, madam, sir na mbwa wao. Mimi nilibaki na mtoto. Walirudi wekundu, wana njaa, wanasema ni pazuri mno.

Halafu ikaja siku ya chai. Madam alikuwa na kikundi chake cha wanawake wa kutembea, saba wakaja, wakakaa sebuleni. Niliingia na sinia la keki nikaona juu ya meza kuna vijitabu, rundo, vya karatasi ya kung'aa. Jalada lina picha ya bwawa, na madam amesimama mbele na kofia. Kwa Kiingereza kimeandikwa: matembezi matatu ya Hatta ya kufika kwa basi. Jina lake chini.

Kiingereza nasoma polepole lakini nasoma. Nilisimama na sinia mkono mmoja nikafungua kimoja. Basi la saa mbili asubuhi, la baadaye linajaa. Geti la kijani, mbwa. Jiwe lililopasuka, pumzika. Bomba la msikiti, ombeni kwanza. Maneno yangu yamevalishwa nguo za watu. Ukurasa wa mwisho anawashukuru mume wake kwa picha, na mbwa, kwa kuwa mwenzake mwaminifu wa njiani. Nikatafuta jina langu. Nikatafuta hata "mfanyakazi wetu". Mbwa alikuwepo. Mimi sikuwepo.

Na juu yake, kwenye maelekezo ya safari, ndani ya kiboksi chenye mstari mwekundu: Kumbuka kubeba pasipoti yako, askari hukagua njiani.

Nilisoma mstari ule mara mbili.

Mmoja wa wageni alikuwa anasema, "Na kweli ulikwenda kwa basi? Mimi ningeogopa."

"Ni rahisi kabisa," madam akajibu, anamimina maziwa.

Nikaweka sinia chini. "Madam," nikasema, "lile basi linaondokea wapi?"

Akanitazama. "Nini?"

"Basi la Hatta. Linaondokea kituo gani?"

Madam akacheka kidogo. "Deira, si huko Deira."

"Deira kubwa. Kituo gani? Wanawake wanakaa viti vya wapi? Kadi unagonga ukipanda tu, au na ukishuka?"

"Hebu nenda jikoni, tutaongea baadaye."

"Jikoni nimeomba mara tatu. Umeandika hapa watu wabebe pasipoti. Yangu iko wapi, madam?"

Nikawageukia wale saba, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba njia hizi ni zangu, nimezitembea kwa miguu yangu, na kwamba nilishushwa barabarani kama mzigo kwa sababu pasipoti yangu imo kwenye sefu ya chumba kile pale juu. Nikaonyesha kwa kidole.

Mwanamke mmoja mwenye mvi akamuuliza madam, "Unaishikilia pasipoti yake?"

"Kila mtu anafanya hivyo," madam akasema. Shingo ilikuwa imejaa mabaka mekundu. "Ni kwa ajili yake."

Yule mwenye mvi akatazama kikombe chake. Nilimsubiri. Nilifikiri atasema neno moja, moja tu. Akasema, "Nadhani tuwaache." Wakainuka wote saba wakatafuta mikoba yao, wananipita bila kunitazama kama watu wanaopita ajali. Wanne walichukua vijitabu.

Jioni sir alirudi, wakafunga mlango, nikasikia sauti zao. Kisha akashuka na pasipoti mkononi. Aliniwekea juu ya meza ya jikoni, hakunipa mkononi.

"Usingelifanya mbele ya watu," akasema.

"Ningelifanya mbele ya nani, sir? Tukiwa wenyewe nilishafanya."

Akapanda juu. Nikaifungua ile pasipoti. Picha yangu ya miaka mitatu nyuma ilinitazama, nyembamba, ina hofu. Nilitaka kumpiga kofi yule mwanamke wa kwenye picha kwa kuitoa mkobani mwake haraka vile.

Walinivumilia miezi mitano iliyobaki ya mkataba. Madam alizungumza na mimi kwa vikaratasi alivyobandika kwenye friji: kuku, pasi, mtoto kuogeshwa saa moja. Ijumaa nikarudishiwa. Nilipanda basi la kwanza nikiwa na pasipoti kifuani, ndani ya sidiria, tayari kwa askari. Basi halikupita kule. Wakati nimefungiwa njia ilikuwa imebadilishwa, basi linazunguka kwa barabara nyingine ndani ya Emirati, na hakuna aliyewahi kuniuliza pasipoti tena, si siku hiyo wala siku nyingine. Mkenya alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitaka kwa sababu ni yangu, askari awepo asiwepo.

Ijumaa ya mwisho tulikwenda wanawake tisa kutoka Al Baraha. Niliwapeleka njia zote tatu siku moja, kwa ukaidi, mpaka wakaanza kulalamika. Binti wa madam ndiye aliyeniliza siku ya kuondoka, maana alinifuata hadi kwenye teksi na kiatu kimoja mguuni, na mama yake akamrudisha ndani kwa kumbeba.

Nikiwa nimesharudi Lushoto karibu mwaka, simu ikaingiza ujumbe wa Kiingereza kutoka namba ya Dubai. Alitumaini sijambo. Mtoto anaulizia habari zangu. Wanachapa kijitabu upya, na kuna wanawake wawili walipotea kule wadi, walitembea saa nyingi juani kabla ya kuonekana, wazima lakini walipata shida. Je, naweza kumkumbusha, baada ya pampu ya maji njia inakwenda kulia au kushoto?

Nilikaa na simu ile siku mbili. Siku ya kwanza niliapa sijibu. Siku ya pili niliwafikiria wale wanawake wawili, midomo imekauka, wanageuza kijitabu huku na huku. Mtu akifa kwenye njia yangu, hilo nalo lingekuwa langu.

Nikajibu. Nikaandika kila kitu, pampu, uzio uliolala, changarawe nyeupe, mahali pa kukunja na mahali pa kutokunja, ukurasa mzima. Niliandika kwa Kiswahili, nikamalizia na jina langu kamili, majina matatu yote, kama yalivyo kwenye pasipoti. Chini nikaongeza kwamba akitaka kuelewa amtafute mwanamke wa kwetu amtafsirie, wako wengi Al Baraha, aende kwa basi.

Tiki mbili za bluu zilitokea dakika ileile. Hakuandika tena.